SOMO LA VIKUNDI: KUTAZAMA NYOTA USIKU WA MAWINGU
Jinsi ya kugawana nafasi ndogo ili kila mtu apate zamu

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze (a) kupima mawingu bila chombo chochote, (b) kupanga zamu ya haki watu wakiwa wengi na nafasi ikiwa fupi, na (c) kuandika ripoti ya kweli, hata pale ambapo mambo hayakwenda vile walivyotaka.

Vifaa: Daftari, kalamu, saa, tochi moja, kitambaa chekundu. Darubini ikipatikana ni vizuri. Isipopatikana, somo bado linaendelea.



Mara nyingi tukitaja habari ya kutazama nyota, mtu mmoja kwenye mkutano huinua mkono na kuuliza: "Sisi watu wa shamba tuna haja gani na nyota? Nyota zitatuletea maji kwenye tangi?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kutazama nyota hakulipi karo. Lakini ni elimu ya bure iliyo juu ya paa la kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, na wazee wetu waliitumia kupanga kazi ya shamba. Tena kuna jambo ambalo usiku wa mawingu hufundisha vizuri kuliko semina: namna kikundi kinavyogawana kitu kidogo ambacho kila mtu anakitaka.

Sisi tunaoandika ni kikundi cha watu wanaopenda anga. Kati yetu kuna walimu, wakulima, fundi wa baiskeli na vijana waliomaliza shule. Mtaalamu hakuna. Hukutana mara moja kwa mwezi upande wa Laikipia, si mbali na mstari wa Ikweta. Jumamosi tarehe 1 Februari 2025 tulialika majirani kutoka vikundi viwili vya kujisaidia. Jumla tulikuwa watu 34, wakubwa na watoto. Tulikuwa na darubini moja ndogo ya miguu mitatu, tuliyoazimwa na shule, na darubini moja ya macho mawili, ile ya kushika mkononi. Na tulikuwa na mawingu.

1. KWA NINI TULICHAGUA SIKU HIYO

Januari na Februari ni miezi ya kiangazi kwetu, na usiku mwingi huwa na anga safi. Kuanzia Juni hadi Agosti nyanda za juu hufunikwa na mawingu ya baridi siku nyingi, hata jua la mchana huwa ni taabu kuliona.

Tena jioni hiyo palikuwa na mengi ya kuona. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku tatu tu, umekaa karibu na Zuhura, ile tunayoiita nyota ya jioni. (Kumbe si nyota, ni sayari kama Dunia yetu.) Chini yake, upande huohuo wa magharibi, palikuwa na Zohali, sayari yenye pete. Juu karibu na utosi palikuwa na Mshtarii, ambayo watoto wa shule huiita Jupita, na karibu yake Kilimia. Upande wa mashariki ilikuwa imepanda Mirihi, nyekundu kama kaa la moto.

Watu wengi hudhani usiku mzuri wa kutazama ni ule wa mwezi mpevu. Sivyo. Mwezi mpevu hufuta nyota ndogo kwa mwanga wake, na wenyewe ukiutazama kwa darubini huonekana bapa kama sahani. Mwezi mchanga au wa nusu ni bora zaidi, kwa sababu jua huupiga kwa ubavu na kila shimo na kila mlima juu yake hutoa kivuli.

2. KUYASOMA MAWINGU

Watu wa hali ya hewa hupima mawingu kwa sehemu nane, nasi twaweza kufanya hivyo hivyo. Simama mahali pa wazi. Gawa anga lote kwa macho, kwanza nusu mbili, halafu kila nusu mara mbili, halafu tena mara mbili. Umepata vipande vinane. Sasa jiulize: mawingu yote yakikusanywa pamoja yangejaza vipande vingapi? Vikijaa viwili, hiyo ni mbili ya nane. Vikijaa vyote, ni nane ya nane, basi nendeni mkalale.

Sisi tulipofika saa kumi na mbili na nusu jioni mawingu yalikuwa sita ya nane. Saa mbili kasorobo yalikuwa tano. Saa tatu kasorobo yalikuwa matatu hivi. Mwendo huu si wa ajabu. Mafungu ya mawingu yanayokua mchana kwa sababu ya joto la ardhi mara nyingi huanza kupungua jua likitua na ardhi ikianza kupoa. Kwa hiyo ukiona mawingu saa kumi na mbili jioni usiwe mwepesi wa kuvunja mkutano.

Pia jifunzeni kujua wingu linakoelekea. Simama chini ya mti au kona ya paa na usisogee. Tazama ukingo wa wingu ukilinganisha na tawi. Baada ya dakika moja au mbili utajua linakwenda wapi na kwa mwendo gani. Ukiona pengo linakuja, unaweza kukisia litafika kwenye Mwezi baada ya muda gani. Mmoja wa vijana wetu alipewa kazi hiyo tu usiku mzima, na alikuwa akitangaza kama kondakta: "Pengo laja, dakika tano!"

Mawingu membamba ya juu sana, yaliyo kama pamba iliyochanwa, ni hadithi nyingine. Mwezi huonekana kupitia kwayo, lakini nyota ndogo hupotea. Mwezi ukiwa mkubwa waweza kuona duara la mwanga limeuzunguka kwa mbali. Nyosha mkono wote na upanue vidole: kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni kama nyuzi 20. Duara hilo huwa nyuzi 22 kutoka kwenye Mwezi, karibu upana huo wa kiganja. Husababishwa na vipande vidogo vya barafu vilivyo ndani ya wingu, vinavyopinda mwanga. Kumbe hata juu ya Ikweta tuna barafu juu ya vichwa vyetu!

3. HESABU YA ZAMU

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Tafadhali msipite haraka.

Tulikuwa watu 34 na darubini moja ya kuona mashimo ya Mwezi. Tukimpa kila mtu dakika moja, ni dakika 34. Je, pengo la mawingu litatungoja dakika 34? Halitangoja. Basi kabla ya giza kuingia tulikaa chini tukafanya hesabu:

Kila mtu atazame kwa hesabu ya kumi: sekunde 10.
Kupishana kwenye darubini: sekunde 5.
Jumla kwa mtu mmoja: sekunde 15.
Watu 34 mara sekunde 15: sekunde 510, yaani dakika nane na nusu.

Mtu mmoja alilalamika kwamba hesabu ya kumi ni fupi mno. Tukamwomba afumbe macho tuhesabu pamoja polepole hadi kumi. Alipofumbua alicheka, akasema kumbe ni nyingi.

Halafu tukapanga nani aanze. Kuna njia nyingi. Wengine huanza na wageni, wengine na wazee, wengine na watoto. Sisi tuliandika namba kwenye vipande vya karatasi tukavitia kwenye kofia, kila mtu akachukua chake. Mwenyekiti wetu alipata namba 29. Baadhi ya watu walianza kusema, "Mwenyekiti kwanza, mwenyekiti kwanza!" Yeye alionyesha karatasi yake tu, akaenda kusimama nyuma. Nyanya mmoja wa miaka zaidi ya 70 alipata namba 31. Kijana aliyekuwa na namba 8 akamwambia, "Shosho, chukua yangu." Nyanya akamshukuru, akakataa. Alisema: "Mjukuu wangu, tukianza kubadilishana hapa, hii laini itakufa." Naye akaenda nyuma.

Tukakubaliana pia sheria mbili zaidi, na katibu akaziandika kabla hatujaona hata nyota moja:

Sheria ya kwanza: Wingu likifunga kabla laini haijaisha, wale waliokosa ndio watakaoanza pengo likifunguka tena, hata kama kitakachoonekana ni kitu kingine.

Sheria ya pili: Hakuna kuondoka kabla ya saa tatu usiku ikiwa kuna mtu hata mmoja ambaye hajatazama kitu chochote kwa darubini.

4. PENGO LA KWANZA

Saa mbili kasoro dakika kumi pengo likafunguka upande wa magharibi. Mwezi ukatokea, na Zuhura kando yake iking'aa mno. Hata kwa macho matupu tuliona upande wa giza wa Mwezi uking'aa kidogo, rangi ya majivu. Mwanga huo ni wa jua, lakini umepitia kwetu: jua limeipiga Dunia, Dunia imeurudisha mwanga ukafika Mwezini, nao ukarudi machoni petu.

Laini ikaanza. Kijana mmoja alisimama kwenye darubini kazi yake ikiwa ni kuirudisha Mwezini kila baada ya dakika moja au mbili. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, na darubini ndogo isiyo na mota haiwezi kufuata. Usipoisogeza, mtu wa kumi atatazama giza tupu na kusema amedanganywa.

Pengo lilidumu dakika sita. Dakika sita ni sekunde 360, na kwa hesabu yetu zingetosha watu 24. Kwa sababu ya kusogeza darubini walitazama 22. Namba 23 alikuwa ameinama tayari, jicho kwenye kioo, wingu likaja. Watu 12 wakawa hawajaona Mwezi kwa darubini. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao, na yule nyanya pia. Zuhura na Mwezi havikutoka tena nyuma ya wingu hadi vilipotua.

Tukangoja. Baridi ikaanza kuingia. Saa mbili na nusu mtu mmoja akasema jambo ambalo katika mikutano yetu huonekana la busara: "Jameni, tupige kura. Wanaotaka kwenda waende." Gari tulilokodi lilikuwa linangoja, na watoto walianza kusinzia.

Hebu tufikiri pamoja. Kura ingepigwa wakati huo, matokeo yangekuwaje? Watu 22 walikuwa wameona tayari. Watu 12 walikuwa hawajaona. Wale 22 wangeshinda kwa urahisi, na kila kitu kingekuwa halali kabisa: wengi wamepiga kura, wengi wameshinda. Na wale 12, waliotoa mchango wa gari sawasawa na wenzao, wangerudi nyumbani na baridi tu.

Kura ni chombo kizuri, lakini haifai kuwa mahali ambapo walioshiba huamua kama wenye njaa wangoje chakula. Haki ya wachache ilindwe na sheria iliyokubaliwa mapema, wakati bado hakuna anayejua kama atakuwa namba 3 au namba 31. Sheria ya pili ilikuwa kwenye daftari. Katibu aliisoma kwa sauti, hakuna aliyebisha, na tukakaa.

Mambo haya si ya nyota peke yake. Fikirini kikundi cha mzunguko wa pesa: waliokwisha kupokea wakianza kuchelewesha michango, ni nani anayeumia? Fikirini bomba la maji linalofunguliwa saa mbili kwa siku. Fikirini mbegu za bei nafuu zinazofika magunia kumi na wanachama ni thelathini. Mahali pote hapo swali ni lilelile: sheria ya zamu iliandikwa lini, kabla ya pengo au baada ya pengo?

5. PENGO LA PILI, NA KILIMIA

Saa tatu kasorobo mawingu yalipasuka katikati ya anga, na safari hii pengo lilikuwa kubwa. Mshtarii ilikuwa juu upande wa kaskazini, na Kilimia magharibi yake, umbali wa ngumi moja na kidogo ukinyosha mkono. Wale 12 wakaanza.

Darubini ya miguu mitatu ilielekezwa kwenye Mshtarii. Pembeni ya sayari hiyo mlikuwa na vinukta vidogo vya mwanga vilivyopangana karibu mstari mmoja. Hiyo ni miezi yake mikubwa. Iko minne, ila kila usiku hubadili mahali, na mara nyingine mmoja hujificha mbele au nyuma ya sayari. Wengine wetu walihesabu miwili, wengine mitatu. Macho ya watu si sawa.

Darubini ya macho mawili tuliielekeza kwenye Kilimia. Hapo yule nyanya ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alituambia kwamba akiwa msichana alikuwa akihesabu nyota sita katika Kilimia bila shida. Sasa macho yake huona kitu kama moshi kidogo. Tukamshikia darubini, akaegemeza viwiko kwenye kiti ili isitikisike. Hesabu ya kumi ilipofika hakuna aliyemwondoa, maana walikuwa wamebaki watatu tu katika wale 12 na pengo lilikuwa bado pana. Akasema, "Zimekuwa nyingi kuliko zamani." Vijana waliomfuata walihesabu zaidi ya ishirini.

Jina Kilimia linahusiana na kulima. Kuelekea mwanzo wa Mei nyota hizi hupotea magharibi baada ya jua kutua. Mwezi wa Juni huonekana tena, lakini mashariki, kabla ya mapambazuko. Waswahili wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katika mwaka wa kawaida Mei ni wakati wa mvua ya masika, basi kikizama humo, kitazuka anga likiwa kavu.

Lakini tuelewane vizuri. Kilimia hakileti mvua. Kinaonyesha tarehe, kama kalenda ya ukutani. Mkulima wa zamani asiye na kalenda ya karatasi alijua kwa Kilimia kwamba wakati umefika. Kama mvua yenyewe itakuja mapema, itachelewa au itakuwa haba, hilo ni jambo la hewa, na nyota haziwezi kulisema. Kwa hilo sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni na mwulize afisa wa kilimo.

Jambo moja lililowashangaza wengi ni umri wa mwanga ule. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Mwezini hutufikia kwa sekunde moja na kidogo, na kutoka kwenye jua kwa dakika nane. Kutoka Kilimia huchukua karibu miaka 440. Kwa hiyo mwanga ulioingia jichoni mwa nyanya usiku ule ulianza safari kabla ya Fort Jesus ya Mombasa kuanza kujengwa mwaka 1593.

Pengo hilo lilidumu dakika kumi na moja, na watu wote 34 walimaliza zamu. Saa tatu na robo, tukikunja vitu, zile nyota tatu za mstari mmoja, ambazo ni mshipi wa kundi liitwalo Orion, zilikuwa utosini kabisa. Sisi wa Ikweta tuna bahati hiyo. Mshipi huo huchomoza mashariki hasa, hupita juu ya vichwa vyetu, na hutua magharibi hasa. Ukipotea njia usiku na ukauona unachomoza au unatua, umepata dira ya bure.

6. DAFTARI LISEME KWELI

Shule iliyotuazima darubini iliomba ripoti fupi. Kijana mmoja alipendekeza tuandike kwamba wote waliona Mwezi, sayari tatu na Kilimia. "Si karibu wote waliona?" akasema. "Tena tukiandika vizuri tutaazimwa tena." Alikuwa amejiandaa wiki nzima kueleza habari za pete za Zohali, na Zohali haikutoka kwenye wingu hata dakika moja. Twamwelewa.

Tulilijadili kwa dakika chache, na hivi ndivyo daftari lilivyoandikwa:

Mwezi kwa darubini: walioona 22, waliokosa 12. Sababu: wingu.
Zuhura: wote, kwa macho.
Zohali: haikuonekana. Sababu: wingu.
Mshtarii: wote 34.
Kilimia: wote 34.
Mirihi: wote, kwa macho, baada ya saa tatu kasorobo.

Kuna mfano mkubwa wa mambo haya. Mwezi wa Januari mwaka 1610, huko Padua nchini Italia, Galileo aliielekeza darubini yake kwenye Mshtarii na kuona vinukta vilevile tulivyoviona sisi. Aliandika usiku baada ya usiku vilikokuwa. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka huohuo, tarehe 9 Januari hakuna picha ya nyota. Amesema tu kwamba anga lilikuwa limefunikwa na mawingu. Tarehe 14 vilevile. Hakujaza pengo kwa kukisia. Ndiyo maana watu waliposoma zile siku nyingine waliweza kuziamini, na dunia ikajua kwamba kuna vitu angani visivyoizunguka Dunia yetu.

Siku moja ya uongo katika daftari huharibu siku zote za kweli, kwa sababu msomaji hajui ipi ni ipi. Ni hivyo kwa nyota, na ni hivyo kwa kitabu cha mweka hazina, kwa orodha ya miche iliyopandwa, na kwa ripoti inayopelekwa kwa waliotoa msaada. Miche 200 ikikauka, andika imekauka, na useme kwa nini. Kosa lililoandikwa laweza kutengenezwa.

Faida tuliiona upesi. Kwa kuwa majina ya wale 12 yaliandikwa, mwezi wa Machi walipewa namba za kwanza. Saba walikuja na wakauona Mwezi. Yule nyanya hakuweza kuja kwa sababu ya miguu. Jina lake bado liko juu ya orodha.

7. KENYA NA ANGA

Msidhani mambo ya anga ni ya nchi za mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kwa nini walihitaji kuipeleka juu hivyo? Kwa sababu hewa yetu huizuia mionzi hiyo kabisa, hata usiku usio na wingu. Basi hata wataalamu wana wingu lao. Sisi tunangoja letu lipite. Wao walilazimika kupanda juu yake.

8. MKITAKA KUFANYA USIKU WENU

1. Chagueni siku ya mwezi mchanga au nusu mwezi, na mweke siku ya akiba wiki inayofuata.
2. Mjulisheni mzee wa kijiji au naibu wa chifu, ili taa na sauti za usiku zisilete wasiwasi.
3. Penye ndovu au fisi msikae mbali na boma. Vaeni viatu vilivyofunika miguu, na watoto wawe na mtu mzima.
4. Fungeni tochi kwa kitambaa chekundu na mzime simu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mweupe huharibu kazi yote hiyo.
5. Mkiwa hamna darubini, Kilimia, Mshtarii, Zuhura na Mwezi huonekana kwa macho wakati wake.
6. Darubini ikiingia umande msiifute kwa leso au kanga. Ifunikeni, iacheni ikauke yenyewe.
7. ONYO: Msielekeze darubini yoyote kwenye jua, wala msiiache mahali ambapo mtoto anaweza kufanya hivyo mchana. Jicho hupofuka mara moja.
8. Andikeni sheria za zamu kabla ya giza, na zisomwe kwa sauti.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kitu gani kidogo tunachogawana watu wengi? Zamu yake imeandikwa, au iko vichwani mwa wachache?
2. Je, tumewahi kupiga kura ambapo waliokwisha kufaidika walikuwa wengi kuliko wanaongoja? Ilikuwaje?
3. Namba 8 alitaka kumpa nyanya nafasi yake. Nyanya alikataa. Nani alifanya vyema? Au wote wawili?
4. Tazameni ripoti yenu ya mwisho. Je, kuna mahali palipostahili kuandikwa "haikuonekana" na pameandikwa kitu kingine?
5. Waulizeni wazee wa kijiji: walitumia nyota gani kujua wakati wa kulima? Katibu aandike majina hayo kwa lugha ya nyumbani, kabla hayajasahauliwa.

Zoezi la nyumbani: Kwa siku saba mfululizo, saa mbili usiku, kila mwanakikundi atoke nje apime mawingu kwa sehemu nane na kuandika namba moja tu. Siku ya mkutano mlinganishe. Aliyelala bila kupima aandike "sikupima".